Nintendo na Sega: orodha ipi ya michezo ina manufaa zaidi kwa mchezaji?
Nintendo ilianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, ikitengeneza karata, na jina lake katika michezo ya video lilivuma kwa Donkey Kong ya mwaka 1981, iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto, kisha Super Mario Bros. ya 1985. Tangu hapo orodha yake imetegemea wahusika wachache wanaorudishwa kwa uangalifu mkubwa, ila michezo hiyo karibu yote huchezwa kwenye mashine zake yenyewe tu, sharti ambalo ni zito kwa mtu mwenye kompyuta pekee.

Sega, iliyokulia katika mashine za michezo za kutumbukiza sarafu, ilimtoa mhusika wake Sonic mwaka 1991 ili akabiliane na Mario, lakini mwaka 2001 iliacha kutengeneza Dreamcast, mashine yake ya mwisho ya michezo ya nyumbani. Kushindwa huko, kwa maoni yangu, ndiko kulikoitajirisha: sasa michezo yake huchezwa kwenye mashine za wengine, zikiwamo za Nintendo (kejeli iliyoje!), na kwa kuzinunua kampuni za kutengeneza michezo, Creative Assembly mwaka 2005 na Atlus mwaka 2013, ilipata Total War (michezo ya kuongoza majeshi) na Persona (michezo ya kuigiza wahusika), michezo isiyofanana hata kidogo. Mwenye kompyuta tayari aanze na Sega, mradi asisahau kwamba ubora wa Sonic hupanda na kushuka.