Nilinunua kozi ya gambiti, mwalimu mstaafu akanirudisha darasani

Mimi asili yangu ni drafti. Kabla sijagusa chesi nilishamaliza miaka barazani, nikilisha kete moja ili nile tatu. Raha ya mtego ule ni kwamba kwenye drafti kula ni lazima. Ukimwekea mtu kete mdomoni atakula tu, hata kama shimo analiona kwa macho yake. Kwa hiyo nilipokutana na tangazo la kozi ya video inayofundisha gambiti, nikaona hii imeandikwa jina langu. Gambiti si ndiyo hiyo hiyo? Unamtolea mpinzani askari, kile kikete kidogo cha mbele, mapema kabisa, upate kasi ya kumvamia mfalme wake kabla hajajipanga.

Nililipa kwa simu, kama Sh 70,000 hivi na makato yake. Jina la kozi nalihifadhi. Ni saa tisa za video, mwalimu mchangamfu, picha safi. Video hazipakuliki, kwa hiyo hesabu na bando lako.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mfalme wa mtaa. Chukua gambiti ya Englund. Mweupe anafungua kwa d4 (herufi na namba ni anwani ya mraba ubaoni), wewe Mweusi unajibu e5, unampa askari bure. Anakula. Unaleta farasi c6, yeye analeta wake f3 kumlinda askari, unatoa malkia e7. Anamlinda tena kwa askofu f4. Hapo malkia wako anaruka b4 na kupiga cheki, askofu anarudi d2 kuziba, malkia anakula askari wa b2. Sasa Mweupe anaona ngome yake ya a1 iko hatarini, anashtuka, anasogeza askofu c3 amzibie malkia njia. Kwisha habari yake. Unaweka askofu b4, askofu wake anabanwa mbele ya mfalme wake, na akijitetea kwa malkia d2 mnakulana pale c3, kisha malkia wako anashuka c1: chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia, hatua ya nane. Nimemfunga mtu hivyo usiku mmoja mara tatu, mtu yule yule! Nikampigia simu mdogo wangu kumsimulia.

Jumamosi moja nikaenda na silaha zangu kwa mzee mmoja tunayecheza naye, mwalimu mstaafu wa hesabu. Nikamwamkia, akaitikia, akapanga kete bila haraka kama kawaida yake. Nilikuwa Mweusi, nikachagua Stafford, gambiti nyingine ya kwenye kozi: e4, e5, farasi f3, farasi f6. Akala askari wangu wa e5, nikaleta farasi c6, tukabadilishana farasi, nikala kwa askari wa d. Nimepungukiwa askari mmoja, lakini njia za askofu na malkia ziko wazi. Akasogeza d3. Askofu wangu akatoka c5, akitazama f2. Moyo unadunda, maana kwenye video hapa Mweupe anapeleka askofu g5 kumbana farasi wangu, mimi nakula e4 kwa farasi huyo huyo, yeye anashangilia kula malkia, halafu askofu wangu anatua f2 na cheki, mfalme anasogea e2, askofu wa pili anakuja g4. Chekimeti na malkia wangu kaliwa. Hakuna kitu kitamu kama hicho.

Mzee akaweka askofu wake e2. Basi. Nikasukuma h5, akaweka c3. Nikarusha farasi g4, namwachia amle ili safu ya h ifunguke. Hakumtazama hata kidogo, akasukuma d4 na kumgongea mlango askofu wangu wa c5. Baada ya hapo sikuwa na shambulio wala askari. Nilikuwa narudi nyuma tu, naye anasonga kidogo kidogo kama mtu anayelima.

"Kijana wangu," akaniambia tulipomaliza, "hii siyo drafti. Huku ukiniwekea kitu mdomoni, naweza kufunga mdomo."

Nikarudi kwenye video na kuitafuta ile askofu e2 ya mzee. Ipo. Mwalimu wa kozi anaitaja kwa nusu dakika, anacheka, anasema wapinzani wako hawataijua. Hapo ndipo ninapoidai kozi hii hela yangu. Karibu kila mchezo unaoonyeshwa ni wa mpinzani aliyekosea, na mazoezi yote ni ya kumalizia ushindi. Hakuna zoezi hata moja linalokuuliza: umejibiwa vizuri, sasa umebaki na nini?

Swali hilo nimekuja kulifanyia kazi bure kabisa kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, ambako hulipi kitu wala husumbuliwi na matangazo. Ina hazina ya funguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo: unaweka hatua zako ubaoni, unaona watu walijibu nini na nani alishinda, na unaweza kuchuja kwa kiwango cha wachezaji. Unabonyeza tena, unaona michezo ya mabingwa peke yake. Stafford kwa watu wa kiwango changu inavuna, lakini kwa mabingwa ni nadra kuiona. Ukiwasha Stockfish, ile programu ya uchambuzi, inakuambia waziwazi kuwa Mweupe yuko juu sana. Kwenye Englund nako, badala ya askofu c3 Mweupe analeta farasi c3, hatua ya kawaida ambayo mtoto angecheza, na tamasha lote limeisha.

Nikapitisha gambiti zote za kozi kwenye chujio hilo, na hazikutoka sawa. Ya Kidenishi, kwa mfano, Mweupe anatoa askari wawili. Jibu imara ni Mweusi kusukuma d5 na kurudisha alichokula. Yanafuata makulano makali, malkia wote wanatoka, na ukihesabu kila upande una askari watano na kete nyingine sawasawa. Yaani hata ukijibiwa vizuri kabisa hujafilisika, umekosa sherehe tu. Hiyo naikubali.

Evans ndiyo iliyonipendeza zaidi. Ni ya karne ya 19, ya nahodha wa meli William Evans. Mweupe anatoa askari wa b4 ili askofu wa Mweusi apoteze muda akimla, na yeye ajenge katikati. Mpinzani akijibu vizuri, bado una mchezo wa kucheza. Mwaka 1995 kule Riga, Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, aliitumia dhidi ya Anand, gwiji wa India, akashinda kwa hatua 25, na Anand hakuwa mtu wa kudanganywa na video. Sura ya Evans kwenye kozi ni nzuri kweli, imefafanuliwa kwa utulivu, nadhani iliandaliwa siku ambayo mwalimu hakuwa na haraka.

Mnaocheza zile za dakika tatu mtandaoni mtaniambia Englund bado inalipa. Ni kweli, na mimi bado naicheza usiku nikiwa nimechoka. Mtu mwenye sekunde 40 haoni farasi c3. Ila mezani, mbele ya mtu aliyeshika kidevu, siitoi tena.

Nyota mbili na nusu kati ya tano, moja na nusu kati ya hizo ni za Evans. Niliomba kurudishiwa hela, nikaambiwa siku 14 zimeshapita. Jumamosi iliyopita nilimchezea yule mzee gambiti ya Evans. Alikula b4, akafikiri muda mrefu, askofu akarudi e7. Tulitoka droo, na chai alilipa yeye.