Fundi wa Chikongola aliyeipunguzia PC yangu ulaji wa umeme: nyota 4

Wana gemu wa Mtwara na Lindi mlioko tarifu ndogo ya Tanesco (ya wanaotumia umeme kidogo) mnanielewa, yuniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, ukivuka tu kila ya ziada ni 350, sasa weka na PC ya gemu humo ndani na luku mnashea na wapangaji wengine uone maneno.

Huyu fundi yuko Chikongola ila anakuja mpaka nyumbani. PC yangu ina kadi ya picha ya Nvidia, RTX 3060. Nilichompendea hakukimbilia bisibisi, alichomeka kwanza kimita cha kupimia wati kwenye soketi akasema fungua gemu. Ikasoma 280 hivi. Akasema haya rudi kwenye menyu usicheze, bado 250! Menyu tu jamani, kumbe kadi inatoa fremu, yaani picha, mia tatu na ushee kwa sekunde wakati monita yangu ni ya hezi 60, inaonyesha 60 tu kwa sekunde, zingine zote zinaenda bure. Akaingia kwenye mipangilio ya Nvidia akafunga fremu ziishie 60, namba ikaporomoka mpaka 90 tunaiangalia, na hata taa ya luku nje ikaacha kukonyeza haraka haraka.

Halafu kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, akashusha pawa limiti (kikomo cha umeme wa kadi) mpaka asilimia 70, yaani kadi ya wati 170 sasa mwisho wake 119. Gemu nzito sasa inakula kama 170 ukutani na mimi tofauti sijaiona, labda nyie wa monita za hezi 144. Kwa masaa matano kila siku ni kutoka yuniti 42 kwa mwezi mpaka kama 25. Na joto limepungua, hili la Mtwara la mwezi wa 12 linatutosha.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Kasema saa nane kaja magharibi. Pili alitaka kuniuzia pawa saplai (kile kiboksi cha kuipa PC umeme) ya wati 850 eti inapunguza umeme, hapo hapana kaka, 850 ni uwezo wake tu, PC inavuta inachohitaji, labda ungeniletea yenye ufanisi mzuri zaidi tungeongea.

Bei alianza elfu 30 tukamalizana 20. Ijumaa mchana msimpigie, hapokei.