Kind of Blue au A Love Supreme, uanze na ipi?
Kama ndo kwanza unaingia kwenye jazi, anza na Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Walirekodi New York mwaka 1959, siku mbili tu, moja Machi nyingine Aprili, na mle ndani yupo John Coltrane, yupo Cannonball Adderley, wote kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano, yani kila mtu anapewa nafasi ya kupumua, hakuna haraka, hata aliyezoea rumba tu ataielewa. Sikiliza kipande cha So What uone besi ya Paul Chambers inavyoongoza.

A Love Supreme ni habari nyingine kabisa. Coltrane huyohuyo, Desemba 1964, safari hii bosi ni yeye, yuko na McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones anayepiga dramu kama radi, vipande vinne, dakika 33 hivi, na yote ni shukrani kwa Mungu. Kipande cha mwisho saksafoni inayafuata maneno ya shairi la dua aliloandika mwenyewe, silabi kwa silabi, jamani! Hii usiiweke huku unafanya kazi, inataka utulie. Kwangu mimi ndo kubwa zaidi, ila sio ya kuanzia.