Nyota nne kwa Kaka aliyetangulia

Kitabu hiki nilikinunua cha mtumba kwa shilingi elfu nane, jalada limeachia. Aliyekuwa nacho kabla yangu alipiga mistari ya kalamu nyekundu hadi katikati, kisha kalamu ikakoma. Nilipofika hapo nikamwelewa.

Ni kitabu cha Padre Charles Nyamiti (1931–2020), Mtanzania wa Tabora, aliyesomea Louvain, Ubelgiji, akafundisha miaka mingi Nairobi. Kilichapwa 1984 na Mambo Press, Gweru, Zimbabwe. Kiko kwa Kiingereza, na jina lake, Christ as Our Ancestor, limenitesa kulifasiri. Ukisema Kristo ni mzimu wetu, watu wanashtuka; ukisema mhenga, wanangoja methali. Mimi nasema mzee aliyetangulia.

Mimi ni katekista hapa Bagamoyo, na bibi yangu alikuwa Mkwere. Alikuwa akitupeleka makaburini, tunafagia, anamwaga unga na maji, anawaita wazee kwa majina: "Wajukuu zenu hawa." Jumapili tunapita chini ya miembe ya misheni iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, tunaingia misa. Hakuna aliyeuliza mambo hayo mawili yanakutana wapi.

Nyamiti anauliza. Mzee aliyetangulia, anasema, ni ndugu yako, kufa kumemsogeza karibu na Mungu, anakuombea, mwenendo wake ni kielelezo, na ana haki ya kukumbukwa kwa sala na sadaka. Kisha anamweka Yesu kwenye kipimo hicho. Hamwiti Babu, anamwita Kaka, maana sisi na yeye Baba ni mmoja: yeye ni Mwana kwa asili, sisi kwa neema. Tena undugu wake hauishii kwenye ukoo wala kabila.

Hapo nilikifunga kitabu nikakaa. Miaka kumi na moja nawafundisha watoto kwamba Yesu ni ndugu yetu, wanaitikia kama kibwagizo. Sikuwahi kuwaambia kwamba ndugu aliyetangulia anadai kusemeshwa.

Kalamu nyekundu ilikomea kwenye Utatu: Baba ni Mzee wa Mwana, na Roho ndiye sadaka ya upendo wanayopeana. Nimerudia mara tatu. Lugha ni ya darasa la seminari, na sentensi nyingine zinahitaji kupumzika njiani.

Lakini nyota niliyoipunguza ni ya jambo jingine. Wazee wake ni wema mno. Bandari yetu hii iliuza watu, na waliouza nao ni wazee wa mtu. Nyamiti anasema aliyeishi vibaya hahesabiwi. Sawa, ila bibi aliwaita wote, hakuruka jina.

Ukikiona popote, kichukue. Changu usikitegemee: kipo kwa mama mmoja wa jumuiya yetu tangu Kwaresima, na kila nikimwuliza anasema bado yuko kwenye Utatu.