Daftari Lipo, Habari Hazipo: Wiki Zangu Nane na Kozi ya Mifumo ya Taarifa

Nilijiandikisha kozi hii kwa hasira. Ninasimamia stoo na oda katika kampuni ya usambazaji, na kwa miezi kadhaa kila tulipohesabu mali, mfumo ulisema kitu na rafu zikasema kingine. Bosi alikuwa na jibu moja tu: tununue mfumo mwingine. Mimi nilihofia kwamba tutahamisha matatizo yaleyale kwenye skrini mpya yenye rangi nzuri, lakini sikuwa na maneno ya kumweleza akanielewa. Nikatafuta kozi ya mtandaoni inayofundisha jinsi mifumo ya taarifa inavyosaidia kuendesha biashara: wiki 8, saa kama 5 kwa wiki, kazi za kuwasilisha na mtihani mwishoni. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa nina machache ya kukilalamikia na huenda wamesharekebisha.

Wiki ya kwanza nusura niache. Mkufunzi alitumia video nzima kutofautisha data na taarifa, kisha akachora piramidi, kisha akarudia piramidi. Kilichonibakiza ni kisa cha J. Lyons & Co., kampuni ya Uingereza iliyokuwa na migahawa mingi ya chai. Hawa hawakusubiri mtu awauzie kompyuta ya biashara; waliunda yao wenyewe, wakaiita LEO, na mwaka 1951 ikaanza kupiga hesabu za thamani ya bidhaa zilizotoka kwenye viwanda vyao vya mikate. Baadaye ikaongezewa mishahara na oda za kila siku za migahawa. Nilichokipenda ni kwamba miaka mingi kabla ya mashine hiyo walikuwa na idara inayochunguza karani gani anaandika nini, na karatasi yake inakwenda kwa nani. Kompyuta ilikuta kazi imeshapangwa. Nilisimamisha video hapo nikacheka peke yangu, maana kwetu mambo yalikwenda kinyume: kompyuta ililetwa kwanza, na kupanga kazi hatujamaliza hadi leo.

Wiki ya pili ilikuwa ya ngazi za mifumo. Chini kabisa kuna mifumo ya miamala, ile inayorekodi kila mauzo, kila mzigo unaopokelewa, kila malipo. Juu yake zinakaa ripoti za mameneja, na juu zaidi vifaa vya kuwasaidia wakubwa kuamua mambo ya miaka ijayo. Haya yameandikwa kila mahali na sitayarudia. Ila mkufunzi alisema jambo moja nikaliandika pembeni: hakuna namba inayozaliwa kwenye ripoti. Kila namba ina mtu aliyeibonyeza mara ya kwanza, na mara nyingi mtu huyo amesimama, ana haraka, na hajui ripoti hiyo ipo.

Zoezi la wiki ya tatu ndilo lililonifanya nimalize kozi. Tuliambiwa tuchukue namba moja kutoka kazini kwetu, tuifuate kinyumenyume hadi ilikoanzia, na tuandike kila mkono ilikopita. Wenzangu wengi walichagua namba wanazoziamini. Mimi nilichukua niliyokuwa nikigombana nayo. Kulikuwa na bidhaa ambayo mfumo ulionyesha pisi 184, ilhali kwenye rafu zilikuwapo 52. Upungufu wa pisi 132 kwa mwezi mmoja. Ofisini maneno yalikuwa yameshaanza kuzunguka juu ya kijana wa zamu ya usiku, kwa sababu pengo lilikuwa likionekana asubuhi. Hakuna aliyemtuhumu waziwazi. Walikuwa wanalitazama tu begi lake anapotoka.

Nikashuka na ile namba. Ripoti inachota kwenye salio, salio linatokana na miamala, na miamala ya kutoa boksi zima huingizwa usiku, wakati oda kubwa zinapoandaliwa. Bidhaa ile hukaa pisi 12 kwenye boksi, na mfumo unaihesabu kwa pisi. Kijana akitoa boksi 1, anaandika 1. Nani aliwahi kumwambia aandike 12? Mahali pa kujaza pameandikwa "Idadi", basi. Nikakusanya hati za mwezi mzima: alikuwa ametoa boksi 12, mfumo ukapunguza 12 badala ya 144. Nilipotoa 12 kwenye 144 na kuiona 132 ile ile kwenye kikokotoo, nilikaa juu ya boksi mle stoo kwa muda, bila hamu ya kumpigia mtu yeyote simu.

Nilimsubiri aingie zamu nikamweleza. Akasema, "Kaka, mimi nilidhani mfumo unajua." Nami nilidhani hivyohivyo, na mimi ndiye niliyemfundisha kuutumia.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyokuzwa. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena la kompyuta, na mali haikuwa imepotea hata kidogo. Ilikuwa imeuzwa kihalali na kulipiwa. Kilichokosekana ni habari. Na mfumo wetu huo mkongwe, uliodharauliwa na kila mtu, una sehemu ya kuweka vipimo viwili kwa bidhaa moja. Haikuwa imewahi kujazwa. Kuijaza kwa bidhaa hiyo moja kulichukua dakika chache.

Baada ya hapo nilifuata kozi kwa moyo mwingine. Wiki ya nne tulicheza ule mchezo maarufu wa usambazaji wa bia, uliobuniwa na walimu wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mnamo miaka ya 1960. Wachezaji ni wanne: muuzaji wa rejareja, wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja anaona oda za aliye mbele yake tu, na mzigo unachelewa njiani. Mahitaji ya wateja yanabadilika mara moja pekee, kutoka kreti 4 kwa wiki hadi 8, kisha yanatulia palepale. Kwa mabadiliko hayo madogo sisi wanne tulifanya vituko. Mimi nilikuwa wa jumla. Nilipoona mzigo haufiki nikaagiza zaidi, haukufika tena nikaagiza mara mbili, na kufikia katikati ya mchezo kiwanda kilikuwa kinazalisha kama vile dunia nzima ina kiu. Halafu mizigo yote ikafika kwa pamoja.

Tukacheza tena, safari hii kila mmoja akiyaona mauzo halisi ya dukani. Oda zilitulia, ingawa hazikuwa kamilifu, kwa kuwa ule ucheleweshaji wa njiani haukuondolewa. Kama kuna mtu anauliza mfumo wa taarifa unamsaidia nini meneja, mimi ningemwonyesha grafu hizo mbili nikanyamaza. Nilizipeleka kwa bosi. Aliitazama sana ile ya kwanza, akauliza kama ni takwimu zetu.

Wiki ya mifumo mikubwa inayounganisha idara zote ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, hasa kwa sababu walitumia mifano ya kushindwa. Walichambua ya Hershey, kampuni ya pipi na chokoleti ya Marekani, iliyowasha mifumo yake mipya mwaka 1999 ikikaribia msimu wa Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto hugawiwa pipi, wakati ambapo biashara yake huwa imepamba moto. Bidhaa zilikuwapo, wateja walikuwapo, lakini oda zenye thamani ya takriban dola milioni 100 hazikuwafikia wateja. Ukiwa umezoea kufikiri kwamba mfumo mpya ni dawa, kisa hicho kinakushusha pumzi. Katika kazi ya wiki hiyo nilitakiwa kuchagua mwezi wa kubadilisha mfumo kazini kwetu. Nilichagua mwezi wenye biashara mbovu kuliko yote, nikapata alama zote.

Sehemu ya dashibodi iliniaibisha kidogo. Niliwasilisha mchoro wa skrini yenye chati 14. Mkufunzi aliandika chini yake swali moja: namba hii ikibadilika leo, kesho utafanya nini tofauti? Nikapita chati moja moja. Kwa 9 sikuwa na jibu. Kumbe suala hili si geni. Russell Ackoff, msomi wa usimamizi wa Marekani, alishaeleza mwaka 1967 kwamba tatizo la mameneja wengi ni wingi wa taarifa wasizozihitaji, zaidi ya ukosefu wa wanazozihitaji. Kazini nimefuta ripoti nilizokuwa nikizituma kila Jumatatu bila mtu kuzisoma. Moja ilinibidi niirudishe haraka, kwani dada wa uhasibu alikuwa akiitumia kulinganisha ankara, na hakuwahi kumwambia mtu. Alinipigia simu kwa sauti ambayo sitaisahau.

Sasa malalamiko. Wiki ya hifadhidata ilikimbizwa mno. Walimtaja Edgar Codd, mtaalamu wa kompyuta wa kampuni ya IBM, na wazo lake la mwaka 1970 la kupanga data katika majedwali yanayohusiana, wakatuonyesha namna ya kuuliza maswali kwenye jedwali moja, na kufika kwenye kuunganisha majedwali mawili wakatuaga. Hapo ndipo meneja anapoanza kufaidi! Nilimalizia kujifunza mwenyewe, usiku, kwa kukoseakosea. Usalama nao ulipewa nusu saa: haki za kuingia, nakala rudufu, kwaheri. Hawakusema kabisa nini hutokea mfanyakazi akiondoka na nywila yake ikabaki inafanya kazi, jambo ambalo mtu yeyote aliyesimamia watu ameshakutana nalo.

Mtihani wa mwisho ni wa kukariri. Baada ya wiki zote za kufuatilia namba na kucheza michezo, unaulizwa kirefu cha vifupisho. Na kazi za kuwasilisha husahihishwa na wanafunzi wenzako. Aliyeisahihisha kazi yangu ya pisi 132 aliandika "nzuri" na hakuongeza neno. Tena ule mchezo wa wiki ya nne unahitaji mtandao wa uhakika. Ukikatika, mfumo unaagiza sifuri kwa niaba yako, na wenzako watatu wanakuchukia bila hata kukujua.

Ningempa nani kozi hii? Msimamizi ambaye tayari ana mfumo kazini na anagombana nao, huyo aingie leo. Mwanafunzi asiyewahi kushika hati ya kupokelea mzigo ataona wiki ya tatu ni zoezi la kawaida tu. Anayetaka kuwa mtaalamu wa data asipoteze muda hapa. Nimewapa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja waidai kwa yule aliyetunga mtihani.

Bosi bado anautaka mfumo mpya. Nimemwomba kwanza tuorodheshe bidhaa zote zinazoingia kwa boksi na kutoka kwa pisi, na kazi hiyo naifanya na kijana wa zamu ya usiku, kwa kuwa anazijua rafu kuliko mimi. Mpaka jana tulikuwa tumefikisha 61. Kwa tatu kati ya hizo, hakuna anayekumbuka boksi lake linabeba pisi ngapi, na kila tunayemuuliza anasema tuangalie kwenye mfumo.