Darubini ya 8x42 na kamera ya zumu ndefu: kipi kwanza kwa ndege wa Pemba?

Assalaam aleikum, watazamaji wangu, karibuni. Leo mezani nina vitu viwili: hii darubini ya 8x42, na hii kamera, Nikon Coolpix P950. Wengi mnaniuliza, nikijaaliwa pesa ninunue kipi kwanza ili nianze kuangalia ndege? Jawabu naitoa sasa hivi, msingoje mwisho: darubini. Na sababu ni Pemba yenyewe.

Tuanze na hizi namba, maana dukani utaambiwa tu "hii inavuta sana" na utalipa. Nane ni ukuzaji: ndege aliye mita 40 unamwona kama yuko mita 5. Arobaini na mbili ni upana wa lensi ya mbele kwa milimita, yaani mlango wa mwanga. Gawa 42 kwa 8, unapata 5.25. Huo ndio upana wa mwanga unaotoka upande wa pili kuingia jichoni mwako. Mboni ya jicho la kijana ikiwa gizani hufunguka mpaka milimita 7 hivi. Sasa chukua zile darubini za mfukoni za 8x25, upana wake ni kama milimita 3 tu. Ufukweni mchana wa jua kali hutaona tofauti kubwa. Lakini ingia Ngezi alfajiri, jua halijapanda, uinue ile ndogo kisha uinue hii. Kwenye ile utaona umbo jeusi limekaa tawini. Kwenye hii utaona rangi.

Na Ngezi rangi ndiyo mambo yote. Wageni hapa, msitu wa Ngezi uko kaskazini magharibi ya kisiwa, ukishapita Konde, na juu miti imefunga kama dari. Pemba tuna ndege 4 ambao hawapatikani pahala pengine popote duniani: ninga wa Pemba, yaani njiwa wa kijani; chozi wa Pemba, yule mdogo mnyonya maua; mwengine mdogo wa manjano mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho; na bundi mdogo wa Pemba. Watu wanavuka bahari kutoka Ulaya na Marekani kuja kuwatafuta. Chozi tunaye uani, kwenye maua ya mgomba, na watoto wetu wanapita chini yake wakienda skuli bila kumwangalia. Hilo linanigusa sana, na ndilo lililonifanya nianze video hizi.

Mwangalieni chozi dume. Kivulini utasema ni mweusi. Akigeuka kidogo juani, kijani kinawaka, kisha kinazima. Ile si rangi ya kupakwa, ni namna unyoya ulivyojengwa: mwanga ukiingia kwa pembe fulani ndipo unarudi na kijani. Kwa hivyo simama jua liwe mgongoni kwako, na umfuate kwa darubini bila kuchoka. Na hapa ndipo naipenda 8 kuliko 10. Ya 10x42 inakuza zaidi, ni kweli, lakini inakuza na mtetemo wa mikono yako, na eneo unaloona linakuwa jembamba. Chozi hatulii. Mpaka umtafute kwenye kiduara kile kidogo, ameshahamia ua jengine.

Ninga ni kinyume chake. Ametulia juu ya mti wenye matunda, mgongo wa kijani, kichwa na kifua kijivu, na majani yamemmeza kabisa. Utasikia matunda yanadondoka, utatazama juu, huoni kitu. Weka darubini usoni, pitisha tawi kwa tawi, polepole. Ghafla jani moja linatia jicho. Nawaambieni kweli, furaha ile hakuna picha inayoitoa, kwa sababu umempata wewe, kwa jicho lako.

Mkinunua, angalieni mambo mawili. La kwanza, isiwe tu "haipenyi maji", iwe imejazwa gesi ya naitrojeni ndani. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na ukungu ukishaota ndani ya lensi basi tena. La pili, kama unavaa miwani, ijaribu na miwani yako usoni palepale dukani. Kuna darubini nzuri tu ambazo ukiwa na miwani unaona katikati peke yake, pembeni pote giza.

Haya, kamera. P950 ilitoka mwaka 2020. Zumu yake ni mara 83, inafika sawa na lensi ya milimita 2000, na uzito wake ni kama kilo moja. Kwa kamera kubwa ya kubadilisha lensi, umbali huo ungekugharimu pesa nyingi mno, na ungehitaji mtu wa kukubebea. Pahala pake ni pwani. Subiri bamvua, maji yakupwe sana, kaa pembeni ya mikoko. Kuanzia Septemba mpaka Machi hivi utawaona wageni wetu: sululu wenye mdomo mrefu uliopinda, waliozaliwa huko kaskazini ya Urusi, na yule ndege mla kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene. Yule hutaga ndani ya shimo analochimba mchangani, na katika jamaa zake wote wa ufukweni ni yeye peke yake anayefanya hivyo. Ukiwa mbali hivyo humtishi, naye anaendelea kuvunja kaa wake, na picha inatoka safi. Ila ufanye mapema. Ikifika saa nne, mchanga umepata moto, hewa inacheza, na picha ya mbali inakuwa imeyeyuka. Hapo hakuna kamera itakayokusaidia.

Ndege yule mla kaa nilimkuta tena Omani, nilipokwenda kutembelea jamaa. Kuna ufukwe unaitwa Barr Al Hikman, kusini ya Muscat, anakaa huko kwa wingi msimu wa baridi. Huzaliana kwenye visiwa na pwani za upande ule, kisha wengine wanateremka mpaka kwetu. Nilimtazama nikahisi nimekutana na mtu wa nyumbani. Na Muscat kwenye bustani wana chozi wao, dume lake zambarau iliyokoza. Mwenye jamaa kule, akienda, achukue darubini mkobani.

Sasa turudi msituni na kamera hii. Kamera zote za aina hii zina sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, eneo lake ni kama sehemu moja ya 30 ya sensa ya kamera kubwa. Ukivuta zumu mpaka mwisho, mwanga unaoingia ni kidogo. Ngezi utapata chenga, au ndege aliyetetema. Hili ni umbile lao, na ndiyo sababu yangu ya kusema darubini kwanza: kamera hii itakupa pwani, darubini itakupa kisiwa kizima.

Na bundi je? Bundi mdogo wa Pemba yuko Ngezi, yuko na kwenye mikarafuu mikubwa ya zamani. Nendeni na muongozaji wa msituni, lipeni kiingilio, msikilizeni anavyoita: hu, kimya, hu. Msimpigie sauti yake kwenye simu tena na tena ili atoke mpate picha. Anadhani amevamiwa na bundi mwengine, anaacha kuwinda, anaanza kuhangaika. Ukimsikia, umeshampata. Iandikeni siku hiyo, na pahala, kwenye eBird, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, iliyoanza mwaka 2002. Andikeni na chozi wa uani pia. Hapo chini niambieni mtaani kwenu mnamwita nani huyu mdogo wa manjano. Mimi nimeshasikia majina tofauti Wete na Chake.