TAHADHARI: Kingamwili zilizochakachuliwa, lebo haina jina la kloni

Mnaonunua kingamwili monokloni za kutambua protini za juu ya seli (zilizofungwa rangi inayong'aa, za kupimia kwa saitometria ya mtiririko, yaani mashine inayosoma mwangaza wa seli moja moja), fungueni macho. Wapo wauzaji wa mtandaoni wanaochukua chupa ya kiwandani, wanaigawa kwenye vichupa, wanaongeza bafa na kubandika lebo yao. Bei inavutia, grafu ni safi, na pesa ikishatumwa hairudi.

Anzeni na lebo. Lazima iwe na jina la kloni (ukoo wa seli uliotengeneza kingamwili hiyo), isotaipu (tabaka lake, kama IgG1), ukolezi na namba ya bechi. "Anti-CD3 ya binadamu, ubora wa juu" si maelezo (CD3 ni protini ya juu ya seli T). Kloni za CD3 zinajulikana: UCHT1 ni IgG1 ya panya, OKT3 ni IgG2a ya panya. Lebo ikisema OKT3 halafu IgG1, aliyeiandika hajui anachouza, au anajua sana.

Mtego mwingine ni neno "imethibitishwa". Imethibitishwa kwa kipimo gani? Kwenye bloti ya Western (protini hutenganishwa kwenye jeli na kuhamishiwa kwenye utando) protini imekunjuliwa kwa SDS, sabuni kali, ilhali kwenye seli hai ina umbo lake la asili. Kingamwili inayoshika mkia wa protini ulio ndani ya seli itatoa mstari mzuri kwenye bloti na isioneshe chochote kwenye seli hai.

Mzigo ukifika, upimeni kabla muda wa kurudisha haujapita. Kwa anti-CD3, tumieni seli za maabara za Jurkat (seli T; zina CD3, isipokuwa aina zilizopoteza TCR, kipokezi cha seli T) na Raji (seli B; hazina). Wekeni seli milioni 1 kwenye mikrolita 100 za PBS (maji ya chumvi yenye bafa) yenye seramu 2%. Zibeni kwanza vipokezi vya Fc (hushika mkia wa kingamwili bila kujali inalenga nini). Raji wanavyo, na usipoviziba utamlaumu muuzaji bure. Punguzeni dozi nusu kwa nusu, mara sita hivi, kuanzia kiasi alichoshauri. Dakika 20 hadi 30 kwenye nyuzi 4, gizani, kisha osheni mara mbili na kuongeza 7-AAD (rangi ya kutambua seli zilizokufa ili ziondolewe kwenye hesabu), maana seli zilizokufa hunasa kila kitu.

Jurkat ing'ae, Raji ibaki chini. Zikipanda zote mbili, hiyo si anti-CD3 ya kutegemea. Mwangaza ukianguka kwenye nusu ya kwanza kabisa, shukuni kuna maji humo: chupa isiyochakachuliwa kwa kawaida huvumilia hatua mbili tatu kabla ya kushuka.

Kuhusu usafirishaji: kingamwili yenye PE au PE-Cy7 (rangi zinazong'aa) haigandishwi. Ikifika imeganda, ikataeni. PE-Cy7 iliyoharibika kwa mwanga humwaga mwangaza kwenye chaneli ya PE, nawe utaripoti seli zisizokuwepo.

Na kabla ya kulipa, ombeni cheti cha bechi ileile mtakayopokea pamoja na faili ghafi za FCS (data kamili kutoka kwenye mashine). Picha ya histogramu mtu yeyote anaweza kuinakili.